Kesho Kuna Mvua, Kesho Hakuna: Wakala Anasoma Nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimetengeneza zana ndogo ya utabiri wa hali ya hewa inayochota data kutoka Open-Meteo, huduma ya mtandaoni ya hali ya hewa, nikaiunganisha na wakala wa akili mnemba kwa itifaki ya MCP, inayomwezesha wakala kuita zana za nje. Nikiiita mwenyewe, majibu ni sahihi. Akiiita wakala, mambo yanageuka. Juzi nilimuuliza kama kesho yake kutanyesha, akasema ndiyo, jumla milimita 6.2. Dakika mbili baadaye nikarudia swali lile lile, neno kwa neno, akasema kutakuwa kukavu. Mwenzangu anasema msimbo hauna kosa, kosa liko kwenye nyaraka. Nyaraka zenyewe ni sentensi moja: "Hutoa utabiri wa hali ya hewa kwa mahali na wakati uliotajwa." Vigezo ni vinne: latitudo, longitudo, tarehe, na ukanda wa saa ambao si wa lazima. Nimeambatanisha kumbukumbu za miito yote miwili. Niongeze nini? Au ndiyo niandike kitabu?
Mchapa Msimbo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako ana haki, na usimnunie.

Nimezisoma kumbukumbu zako mara mbili. Katika mwito wa kwanza wakala amejaza ukanda wa saa "auto", yaani fuata saa za mahali penyewe. Katika mwito wa pili ameuacha wazi. Wewe umemwambia si wa lazima, naye kakuamini. Kigezo hicho kikiachwa wazi, Open-Meteo huhesabu kwa GMT. Sasa tazama saa za mvua yenyewe: inaanza saa sita na nusu usiku, inakatika saa nane kasorobo. Kwa saa za mahali ulipopaulizia, ambapo pako saa tatu mbele ya GMT, hiyo ni 00:30 hadi 01:45. Kwa GMT ni 21:30 hadi 22:45 ya siku iliyotangulia. Milimita 6.2 zimehama siku nzima. Zana imejibu ilichoulizwa, wakala amesoma alichopewa, na wewe umepata majibu mawili yanayopingana bila mtu yeyote kusema uongo.

Ungekuwa umempa zana hiyo mtayarishaji programu mwenzako, angekupigia simu: "Bwana, hii tarehe ni ya wapi?" Ungemjibu kwa neno moja, yakaisha. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini wakala hana tabia hiyo usipomfundisha. Yeye haoni msimbo wako. Katika MCP anachokiona ni jina la zana, maelezo uliyoandika, na skima ya vigezo, yaani orodha ya vigezo na aina zake. Hapo ulipoacha pengo, atalijaza kwa kukisia, na atakisia kwa sauti ile ile ya mtu anayejua. Ndiyo maana nyaraka za wakala haziandikwi kama tangazo la kuisifu zana. Kaa chini ujiulize: nikikaa kimya hapa, atakisia nini? Kisha uandike hapo tu.

Sentensi yako ina maneno matatu yanayovuja: mahali, wakati, utabiri. Nitaanza na wakati, maana ndio uliokuumiza, na kwa sisi tunaoandika Kiswahili una mtego wa ziada.

Mtumiaji wako akiandika "saa tatu asubuhi" anamaanisha 09:00. Wakala, ambaye sehemu kubwa ya maandishi aliyofunzwa nayo ni ya Kiingereza, anaweza kuandika 03:00 bila wasiwasi. Siku nyingine atapatia. Hiyo "siku nyingine" ni mbaya kuliko kukosea kila siku, kwa sababu ukijaribu mara moja ukakuta sawa, unalala usingizi. Kwa hiyo sema waziwazi kwamba kigezo kinapokea muundo wa ISO 8601, ule wa kimataifa wa kuandika tarehe na saa, toa mfano mmoja kamili, kisha uandike: "Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, badilisha kwanza: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa nane mchana ni 14:00, saa tatu usiku ni 21:00, saa tisa usiku ni 03:00 ya tarehe inayofuata." Mifano minne inatosha. Usimwandikie kanuni ya "ongeza sita" peke yake, kwa sababu ataiongeza hata pale mtumiaji alipoandika 14:00 mwenyewe, na utajikuta una saa 20:00 ya ajabu.

Halafu kuna "usiku wa kuamkia Jumapili". Sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Kwenye kalenda ya kompyuta, lakini, usiku huo unaanza Jumamosi jioni na kuishia Jumapili alfajiri: tarehe mbili. Zana inayopokea tarehe moja haiwezi kuubeba. Ama ukubali tarehe ya kuanzia na ya kuishia, ama useme katika maelezo kwamba kwa swali la usiku aombe saa za tarehe zote mbili. Mimi ningechagua la kwanza. Pengo linalozibika kwenye skima lisizibwe kwa maneno. Na ukanda wa saa wako vivyo hivyo: usiandike aya ya kuueleza, ufute. Weka "auto" ndani ya msimbo, wakala asiuone kabisa.

Mahali. Kwanza, majina. London iko Uingereza na nyingine iko Ontario, Kanada. Paris iko Ufaransa na nyingine iko Texas. Kama zana yako inataka latitudo na longitudo, wakala atazitoa kichwani mwake, na kwa miji mikubwa mara nyingi atapatia. Kwa kijiji, atabuni namba zenye desimali nne za kutia imani. Mwambie atumie zana ya kutafuta majina kwanza (Open-Meteo wanayo ya kwao), na ikileta zaidi ya mahali pamoja, amuulize mtumiaji. Andika kabisa maneno haya: "muulize mtumiaji". Ukimruhusu, anauliza. Asiporuhusiwa anaona aibu, kama mgeni.

Pili, mpangilio. Huduma nyingi za hali ya hewa huanza na latitudo. Muundo wa GeoJSON, wa kuhifadhi data za ramani, huanza na longitudo. Akiigeuza Tokyo, utamkamata, kwa sababu latitudo ya 139.7 haipo duniani. Igeuze Paris: 48.85 na 2.35 zikibadilishana nafasi unatua Bahari ya Hindi, mashariki ya Somalia, na zana itakupa utabiri mzuri tu wa huko, joto la kupendeza, bila kulalamika. Dawa yake si kuandika onyo kwa herufi kubwa. Dawa ni vigezo viwili vyenye majina yao badala ya orodha ya namba mbili, na jibu linalorudi na jina la mahali palipotumika. Wakala akiona "mahali: baharini" katika swali la Paris, hushtuka. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Neno utabiri ndilo lililowahi kunitia aibu mimi.

Miaka si mingi iliyopita niliandika nyaraka za zana kama yako kwa kampuni moja ya programu. Nilijivunia. Zilikuwa safi, zenye vichwa vya habari na jedwali. Mtumiaji mmoja, fundi ujenzi, akamuuliza wakala kama kutanyesha siku anayotaka kumwaga zege, siku kumi na nane mbele. Chanzo chetu kilifika siku 16. Zana haikukataa, ilirudisha safu ya "null", alama ya kompyuta ya kukosekana kwa thamani, kwa siku zilizozidi. Wakala akaziona null, akakumbuka kwamba sehemu hiyo ni ya milimita za mvua, akamjibu fundi: mvua ni milimita 0, endelea na kazi. Aliyegutuka ni fundi mwenyewe. Alituandikia mstari mmoja: "Siku kumi na nane mbele, hata milimita mnaijua?" Nikarudi kwenye nyaraka zangu safi kutafuta mahali nilipoeleza null ni nini. Sikupaona. Sikuwa nimekosea kueleza. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba kuna mtu atakayechanganya "haijulikani" na "hakuna".

Tangu hapo sehemu hiyo huiandika hivi: "mvua_mm: jumla ya mvua kwa milimita katika saa iliyotangulia muda uliotajwa. 0 maana yake modeli inatabiri ukavu. null maana yake hakuna utabiri. Usiseme hakutanyesha, sema utabiri haufiki hapo." Angalia na hilo la "saa iliyotangulia". Mvua iliyoandikwa 15:00 ni ya kuanzia 14:00 hadi 15:00, lakini joto lililoandikwa 15:00 ni la wakati huo huo. Safu mbili, jedwali moja, maana mbili za saa. Mtu anaweza kuishi na hilo miaka bila kulijua. Wakala anayeulizwa "nitoke sasa au nisubiri nusu saa" hawezi.

Kuna na msimbo wa hali ya hewa. Open-Meteo hutumia namba za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO: 3 ni mawingu yaliyofunika anga, 61 mvua nyepesi, 95 radi. Sisi sehemu hiyo tuliiita "hali", basi. Ikarudi 45. Wakala akamtahadharisha mtu juu ya joto kali la nyuzi 45, anywe maji, asitembee juani. Ilikuwa ukungu. Sasa huwa natoa neno pamoja na namba, na mara nyingi naiacha namba kabisa, maana sijaona mtumiaji aliyeuliza "kesho ni sitini na ngapi?"

Vipimo nitavipita haraka. Weka kipimo ndani ya jina: kasi_ya_upepo_kmh, joto_c. Open-Meteo hutoa upepo kwa kilomita kwa saa. Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwe hutoa kwa mita kwa sekunde. 10 ya Norwe ni 36 ya Open-Meteo, na ukibadilisha chanzo kimyakimya dhoruba inageuka upepo mwanana. Mwelekeo wa upepo ni nyuzi za unakotoka, si unakokwenda. 270 ni upepo wa magharibi. Mabaharia huutaja hivyo tangu enzi za tanga, ila lazima uandike.

Uwezekano wa mvua unastahili sentensi mbili. Asilimia 40 si kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 40 ya siku. Vituo vikubwa huendesha utabiri mara nyingi kwa kutikisa kidogo hali ya kuanzia: ECMWF, kituo cha Ulaya, hupata matokeo 51 kwa pamoja, moja la msingi na 50 yaliyotikiswa. Uwezekano unaanzia kwenye kuhesabu ni mangapi kati ya hayo yameleta mvua. Mwambie wakala aitaje asilimia kama ilivyo, asiigeuze kuwa ndiyo au hapana. Akiachiwa, 40 inakuwa "hakutanyesha" na 60 inakuwa "kutanyesha", na hapo umeitupa kazi yote ya wale wenye kompyuta kubwa.

Na kitabu, je? Hapana, mwanangu. Maelezo ya zana huingia kwenye kumbukumbu ya wakala hata siku ambayo hakuna aliyeuliza hali ya hewa, yakibanana na mambo mengine. Yako ningeyaandika hivi:

"Hutoa utabiri wa saa kwa saa wa joto, mvua na upepo kwa sehemu moja, kuanzia leo hadi siku 15 mbele. Itumie kwa maswali ya hali ya hewa ijayo. Usiitumie kwa hali ya hewa iliyopita, wala kwa tahadhari rasmi za dhoruba au mafuriko. Kwa hizo mwelekeze mtumiaji kwenye mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yake. Inahitaji latitudo na longitudo; kama una jina tu, tumia kwanza tafuta_mahali. Kama mtumiaji hakutaja mahali, muulize. Tarehe na saa zote ni za mahali panapoulizwa. Omba siku unazohitaji tu."

Hiyo sentensi ya mwisho inaonekana ya kinyonge, lakini piga hesabu. Siku 16 kwa saa 24 ni mistari 384. Kwa vipimo vitano ni namba 1,920, ili mtu ajue kama abebe mwavuli. Wakala humezwa na rundo hilo, akachukua mstari wa jirani. Ukiweza, ongeza kigezo cha muhtasari wa siku kiwe ndicho cha kawaida, na saa kwa saa iwe ya kuombwa.

Nimesahau makosa. Ujumbe wa kosa nao ni nyaraka, tena ndio unaosomwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu unasomwa wakati wa shida. "Kosa 400" halimsaidii yeyote. "Tarehe imezidi siku 15 mbele, mwisho unaoruhusiwa umeandikwa hapa chini" linamrudisha kwenye mstari mara moja. Kwa 429, yaani maombi yamezidi kiwango, mwambie asubiri sekunde ngapi, la sivyo atagonga mlango mfululizo hadi mfungiwe wote.

SWALI: Nyaraka za wakala ziandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza? Naambiwa Kiswahili kinakula tokeni nyingi.
Msomaji wa Kila Toleo

JIBU: Kinakula, ni kweli. Modeli nyingi hulikata neno la Kiswahili vipande (ndizo tokeni) vingi kuliko la Kiingereza. Kwa maelezo ya sentensi nane, tofauti hiyo haikutoi jasho. Mimi nauliza jambo jingine: ni lugha ipi unayoweza kuieleza null bila kuteleza? Andika kwa hiyo. Nimesoma nyaraka za Kiingereza cha kuombea maji zilizopoteza watu na mawakala kwa usawa.

Usichanganye tu. Kigezo kiwe "tarehe" mahali pote, si "tarehe" kwenye skima, "siku" kwenye maelezo na neno la kigeni kwenye ujumbe wa kosa. Na kama zana inatoa maneno ya mvua, yape mipaka. Manyunyu na rasharasha kwa msikilizaji ni picha, kwa wakala ni maneno mawili yanayofanana. Yafungie kwenye milimita kwa saa, upange mwenyewe mpaka uko wapi, kisha usiuhamishe.

SWALI: Nitajuaje kwamba nyaraka zimetosha? Nimejaribu maswali matatu, yote yamejibiwa vizuri.
Mwenye Haraka

JIBU: Maswali matatu uliyoyatunga wewe, unayeijua zana. Hayo hata mimi ningefaulu.

Wape watu wasioijua waandike maswali yao, kama 30 hivi, kwa maneno yao na makosa yao ya tahajia. Uliza kila moja mara tano, kwa sababu umeona kwa Mchapa Msimbo hapo juu: mara ya kwanza ndiyo, mara ya pili siyo. Na usisome jibu la mwisho kwanza. Soma alichojaza kwenye vigezo. Jibu linaweza kuwa sahihi kwa bahati: ukiuliza mvua ya kesho wakati wa kiangazi, hata aliyetafuta katikati ya bahari atakwambia hakuna.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kwa sababu halihitaji kompyuta. Chapisha maelezo na skima kwenye karatasi, mpe mtu, msomee swali, mwambie ajaze vigezo kwa kalamu. Haruhusiwi kukuuliza kitu. Utamwona anainua kichwa. Mahali anapoinua kichwa pawekee alama. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, mwenzangu aliinua kichwa mara sita kwenye ukurasa niliodhani umekamilika, na mara ya sita aliuliza kwa hasira kama "kesho" ni ya kwake au ya mtumiaji.

Weka pia maswali ambayo zana haipaswi kuitwa kabisa. "Mwaka jana mwezi kama huu ulinyesha?" "Kwa nini anga ni la buluu?" Akiiita, maelezo yako hayajasema mwisho wa kazi yake. Na maswali ambayo lazima aulize kwanza: "Nitoke sasa au nisubiri?" Ametoka wapi, anakwenda wapi, hajasema.

Mchapa Msimbo, ukishaufuta ule ukanda wa saa, nitumie kumbukumbu mpya. Anza na usiku wa kuamkia Jumapili, mara tano.